Mama alimfuata binti, siyo mpira

"Sasa mwanangu, siku hiyo tutakaa pamoja?"

Mama aliuliza swali hilo kila walipozungumza kwa simu tangu Agosti, na kila mara binti alikuwa na jibu refu. Uwanja ni mkubwa, Mama. Tiketi ziko za aina nyingi. Baba mdogo naye atakuwepo. Usiwe na wasiwasi. Katika maneno yote hayo, neno "ndiyo" halikuwemo. Mama ni muuguzi mstaafu wa Tanga. Kwa miaka 34 wodini alikutana na wagonjwa wengi wanaojibu kila kitu isipokuwa kile walichoulizwa, na alijua kwamba hapo wasipopagusa ndipo panapouma.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameanza mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, Marekani. Ufadhili ulilipa ada na sehemu ya malazi. Yaliyobaki alijitafutia mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili jioni, kwake ikiwa bado asubuhi, akasimulia mpaka simu ya mama ikapata moto. Mwaka wa pili simu zikawa fupi. "Nimechoka tu, Mama." Kwenye picha alizotuma, uso ulikuwa umepungua. Mama hakusubiri kuambiwa. Alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akaongeza mgawo wa kikoba, akaenda Dar es Salaam kwenye usaili wa viza, na Oktoba akatua Detroit, ambako shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anaishi na familia.

Habari ya mechi ilikuwa ya binti. "Kama unakuja, njoo wikiendi ya mechi," alisema. Mama alishangaa. Yeye na mpira wapi na wapi? Mwenye mpira alikuwa marehemu baba. Alikuwa Coastal Union damu, mtu wa kusimulia ubingwa wa 1988 kana kwamba umechukuliwa juzi. Coastal wakicheza Mkwakwani alimbeba binti mabegani, wakarudi jioni na vumbi miguuni na maganda ya karanga mifukoni. Mama alibaki nyumbani akipika. Baba alipofariki, binti akiwa darasa la sita, neno Mkwakwani likaacha kutajwa ndani ya nyumba ile.

Mpira wa Michigan si ule wa Mkwakwani. Ni mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaoshikwa kwa mikono, wachezaji 11 kila upande wakiwa wamevaa kofia ngumu. Timu ni za vyuo, lakini mapenzi ya watu kwa timu hizo si ya kichuo. Uwanja wa Michigan, uliofunguliwa mwaka 1927, unachukua watu zaidi ya 107,000. Ule wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unachukua 60,000. Mechi za nyumbani ni saba hivi kwa msimu, karibu zote Jumamosi, kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba. Watu ni wengi, siku ni chache. Ndiyo maana kupata tiketi huwa shughuli.

Mwanafunzi ana njia yake. Chuo humuuzia tiketi ya msimu mzima kwa bei ya punguzo, miezi kadhaa kabla ya mechi ya kwanza. Tiketi hiyo ni ya upande wa wanafunzi, na getini anaweza kudaiwa kitambulisho cha chuo. Mzazi hawezi kuichukua hivi hivi akaingia nayo.

Mzazi ana njia tatu. Vyuo vingi hutenga wikiendi moja ya familia kila msimu, na huwatengea wazazi tiketi. Hizo humpata anayejiandikisha mapema, tarehe ikishatangazwa. Njia ya pili ni kununua kama mtu mwingine yeyote, kwenye ofisi ya tiketi ya chuo au kwa wanaouza tena kwa njia halali, ambako bei hupanda na kushuka kutegemea mpinzani ni nani. Kwa njia zote hizo mbili, kwa kawaida mzazi huketi kwenye viti vya watu wote, na mtoto wake akitaka kukaa naye hulazimika kununua tiketi ya huko. Njia ya tatu ipo katika baadhi ya vyuo, Michigan kikiwemo: tiketi ya mwanafunzi inalipiwa nyongeza, ile tofauti ya bei, kisha inaruhusiwa kutumiwa na mtu asiye mwanafunzi. Kwa njia hiyo mzazi anaingia mpaka katikati ya kundi la vijana, bega kwa bega na mtoto wake.

Binti alizijua njia zote tatu. Alichokosa ni hela.

Mpango wake, basi, ulikuwa kwamba Baba mdogo amnunulie shemeji yake tiketi, wakae wawili hao upande wa watu wote, na yeye akae kwa wanafunzi na tiketi yake ya msimu. Mechi ikiisha wakutane getini. Mama aliusikia mpango huo Alhamisi usiku, mezani kwa shemeji yake, siku mbili kabla ya mechi.

"Yaani mimi nimetoka Tanga," alisema taratibu, "nimebadilisha ndege mara mbili, nije nikae na shemeji, wewe ukae ng'ambo ya uwanja?"

"Mama, ni saa tatu tu."

"Kama unaona haya kukaa na mama yako mbele ya wenzio, niambie. Sitakasirika."

Binti aliweka kijiko chini. Mdomo ulifunguka kama anayetaka kusema, kisha ukafungwa. Alisema "Samahani, Mama," akaondoka mezani. Chakula kiliishia hapo. Mama naye hakulala vizuri. Alijua amesema neno kali, na alijua pia kwamba mtoto anayeona haya hana macho mekundu namna ile.

Baba mdogo alijaribu kutafuta suluhu kwa namna yake. Mpinzani alikuwa timu ya jimbo jirani ambayo haikuwa ikitisha, na mechi za aina hiyo bei mara nyingi hushuka siku zikikaribia. Ijumaa alikaa na simu akitafuta tiketi mbili za bei nafuu zinazofuatana, za mama na binti. Lakini alikuwa mwoga, na alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma alinunua tiketi kwa mtu aliyemkuta mtandaoni, akalipa, akatumiwa picha. Getini picha ile haikumsaidia chochote. Tiketi za siku hizi ziko ndani ya simu, alama yake ya kusoma hubadilika kila baada ya muda mfupi, na tiketi halali huhamishwa kutoka akaunti ya muuzaji kwenda akaunti ya mnunuzi. Picha ni picha tu. Alirudi nyumbani akasikiliza mechi redioni. Tangu siku hiyo kila tiketi aliitazama kama noti ya bandia.

Ijumaa saa kumi jioni binti alipiga simu. "Baba mdogo, usinunue. Nimepata."

Alimpata mwanafunzi mwenzake ambaye wikiendi hiyo alikuwa anasafiri. Yule alimhamishia tiketi yake, binti akalipia nyongeza ili mama aruhusiwe kuitumia. Jumla yake, kwa hela ya Tanzania, ilikaribia laki mbili. Baba mdogo hakuuliza zimetoka wapi. Mama aliuliza, akajibiwa, "Nimezipata, Mama. Tutakaa pamoja."

Jumamosi waliondoka saa mbili asubuhi, kwa mechi ya saa sita mchana. Kutoka Detroit mpaka Ann Arbor ni kama kilomita 70, lakini karibu na uwanja magari yalitambaa. Wenye nyumba walikuwa wamegeuza bustani zao kuwa maegesho ya kulipia. Nyuma ya magari watu walichoma nyama na soseji, watoto wakarushiana mipira, kila mtu amevaa bluu na manjano. Mama alisema inafanana na Idi. Alikuwa amevaa koti la mke wa shemeji yake, na juu ya koti amejitanda khanga, maana baridi ya Oktoba ya huko haina mzaha na mtu wa pwani.

Mkononi alikuwa na mkoba wake mkubwa. Ndani mlikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, visheti, dawa za presha na sweta la akiba la binti. Hapo ndipo alipojulishwa kwamba mkoba kama huo hauruhusiwi uwanjani. Vyuo vingine huruhusu mfuko mwangavu unaoonekana ndani. Mkoba wake haukuweza kuingia. Visheti vikabaki na Baba mdogo, aliyesema atasubiri kwenye maegesho na redio yake na wachoma nyama. Mama akaweka dawa mfuko mmoja wa koti na miwani mfuko mwingine, akamvalisha binti sweta palepale njiani kana kwamba yuko chekechea. Binti hakukataa.

Tiketi zote mbili zilikuwa kwenye simu ya binti. Alikuwa amezihifadhi tangu usiku, kwa kuwa watu laki moja wakishafika sehemu moja mtandao huwa wa kubahatisha. Getini mlinzi alisoma ya kwanza, akatazama kitambulisho cha chuo, akasoma ya pili, akamtazama mama na khanga yake, akatabasamu. "Karibu, Mama," alisema kwa Kiingereza chake. Uwanja ule kwa sehemu kubwa umechimbiwa chini; nje hauonekani mrefu, lakini ukipita geti unajikuta juu kabisa, shimo lote la watu limefunguka chini yako. Mama alishika mkono wa binti na hakuuachia mpaka walipofika kwenye benchi lao.

Kwenye benchi hilo hakuna aliyekaa. Hilo ndilo jambo ambalo binti alikuwa amesahau kumwambia: upande wa wanafunzi watu husimama mechi nzima. Mama ana miaka 61 na magoti yenye historia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akasimama. Vijana wawili warefu waliokuwa mbele walisogea pembeni bila kuombwa ili aone.

Kipindi cha kwanza mama aliuliza maswali. Kwa nini wanasimama kila mara? Kwa sababu kila timu ina nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Dakika 15 mbona haziishi? Kwa sababu saa inasimamishwa mara kwa mara. Vipindi ni vinne, na vyote pamoja vinachukua zaidi ya saa tatu. "Hii ni mieleka," alisema mama, "mpira wameuweka kama kisingizio." Binti alicheka kicheko ambacho mama hakuwa amekisikia mwaka mzima. Michigan walipofunga, binti aliruka na mikono juu, kichwa nyuma, macho yamefumbwa. Marehemu alikuwa akishangilia hivyo hivyo mbele ya redio. Mama alitazama pembeni, akapangusa miwani.

Wakati wa mapumziko bendi ya chuo ilipoingia uwanjani, kijana mmoja alisogea kutoka mstari wa nyuma. Alimsalimu mama kwa heshima, kisha akasema anamshukuru sana binti yake kwa kumuuzia tiketi ya Ohio State. Alikuwa ameitafuta tangu kiangazi. Kiingereza cha mama ni cha wodini, lakini kinatosha.

"Ohio State ni nini?" aliuliza kijana alipoondoka.

"Ni timu, Mama."

"Timu gani?"

Binti alivuta pumzi. "Ni Simba na Yanga ya huku. Wanakutana na Michigan mwisho wa Novemba. Mwaka mmoja huku, mwaka mmoja kwao. Mwaka huu ni hapa."

"Na wewe umeuza nafasi yako."

"Ndiyo."

"Ili nini?"

Binti alionyesha kwa kidevu ubao wa benchi chini ya miguu yao. "Ili hii."

Mama alinyamaza kidogo. Bendi ilikuwa inapiga, watu wanaimba. Akauliza lile alilolifuata kutoka Tanga. "Mwanangu, si unafanya kazi? Hela zako zinakwenda wapi?"

Akaambiwa. Binti alikuwa akifanya kazi kwenye bwalo la chakula la chuo saa 20 kwa wiki, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mwanafunzi wa kigeni wakati wa masomo. Zamu nyingi ziliisha usiku wa manane kasoro, na kipindi cha Kemia kilikuwa asubuhi. Jaribio la Septemba alikuwa amefeli. Kodi ya chumba ilikuwa imepanda, ufadhili haukupanda. Alikuwa anaanza kuwahi kulala ili asisikie njaa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana mwezi gani?"

Binti hakujibu. Mama akahesabu mwenyewe. Mwaka jana mvua za masika zilipoezua upande mmoja wa nyumba, mama alisimulia kwenye simu, kusimulia tu, kama watu wanavyosimulia. Wiki mbili baadaye hela ziliingia. "Nina akiba, Mama, usijali." Mama alinunua bati nzuri, nyumba yote ikaezekwa upya. Aliwaambia majirani, aliwaambia wanakikoba, alimwambia hata dereva wa bodaboda: mwanangu wa Marekani ameniezekea. Haikumpitia akilini kwamba akiba ile ilikuwa kodi ya miezi na vyakula vya jioni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi sana, Mama. Halafu nikaogopa utasema nirudi."

"Mimi muuguzi," alisema mama. "Mgonjwa akinificha kidonda, namtibu nini?" Sauti haikuwa ya kugomba. Aliivua khanga, akaifungua, akawafunika wote wawili mabegani. Kipindi cha tatu walisimama hivyo. Binti alilia kidogo, kisha wenyeji wakafunga tena na ikambidi ashangilie huku analia, na mama akashangilia pia kwa kuwa kila mtu alikuwa anashangilia.

Jioni, kwenye maegesho, walikula visheti vyote wakiwa wamekaa nyuma ya gari la Baba mdogo. Mama alipanga mambo kama mtu anayekabidhi zamu. Hela hazitakwenda Tanga tena mpaka chuo kiishe. Saa za kazi zipungue nusu, na pengo lijazwe na kodi ya chumba cha uani ambacho mama atakipangisha. Jumatatu binti aende kwa mshauri wake wa masomo akaeleze yote, hata Kemia. Baba mdogo, aliyekuwa kimya, alisema kuanzia sasa kila Jumapili kuna sahani ya mtoto huyo nyumbani kwake, na kwamba yeye mwenyewe anaona aibu kukaa kilomita 70 na asijue.

"Na ile siku ya Alhamisi," mama alimwambia binti, "neno nililosema nalirudisha."

Jumamosi ya mwisho ya Novemba mama alikuwa amesharudi Tanga. Saa sita mchana ya Ann Arbor ni saa mbili usiku ya Tanga. Simu iliita akiwa ndiyo kwanza anatoka kuswali Isha. Binti alikuwa chumbani kwake, mbele ya runinga ya mwenzake, na daftari la Kemia mapajani. Uwanja ulikuwa umbali wa dakika chache kwa miguu. Kelele za watu zilifika mpaka dirishani.

"Mama, inaanza. Una muda?"

"Ninao."

Mama aliweka simu mezani, akaongeza sauti, akavuta kiti. Nje vuli ilikuwa imeanza kunyesha kwa nguvu.

"Mama, hiyo kelele ni mvua?"

"Ni mvua. Haivuji hata tone." Akajisogeza karibu na simu. "Haya, niambie. Mpira wako nao nani?"